Saa inakuandikia kalori za ajabu? Tafuta kwanza ugonjwa uko kwenye mapigo au kwenye hesabu

Skrinishoti zinazonifikia ni zilezile kila mara. Mtu katembea nusu saa na saa imemwandikia kalori 480, anauliza hii ni kweli au natapeliwa? Mwingine kakimbia kilomita 10 kwa jasho lake lote kaandikiwa 310 na amekasirika kabisa, anataka kurudisha saa dukani. Jibu langu huwa ni swali: mapigo ulioonyeshwa muda ule yalikuwa mangapi? Wengi hawajui, mana wanaangalia kalori tu, na hapo ndipo shida inapoanza.

Ni hivi wadau. Saa haipimi kalori, mkanda wa kifuani ule wa kusomea mapigo nao haupimi kalori, hakuna kifaa cha kuvaa kinachopima kalori. Kinachopimwa ni mapigo ya moyo, na kwa saa hata mwendo wa mkono. Baada ya hapo programu inakisia kwamba kwa mapigo haya mtu wa uzito huu na umri huu atakuwa anatumia oksijeni kiasi fulani, na kila lita moja ya oksijeni mwili unayotumia ni kama kalori 5, kwa hiyo inazidisha inakuandikia namba. Namba inaweza kuharibika sehemu mbili tofauti kabisa: kifaa kimesoma mapigo vibaya, au kimesoma vizuri ila kukisia ndiko kumeenda kombo. Dawa ya moja haitibu nyingine. Unaweza kununua mkanda wa bei kali ukapata mapigo safi kabisa na kalori zikabaki za uongo vilevile.

Na hili lilishapimwa. 2017 watu wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani walichukua saa 7 za aina mbalimbali wakawavalisha watu 60, wakawaweka kwenye mashine ya kukimbilia na baiskeli huku wakipima moyo kwa vifaa vya hospitali na kupima hewa wanayovuta na kutoa. Kwenye mapigo, saa 6 kati ya 7 zilikosea chini ya asilimia 5, safi sana. Kwenye kalori, ile iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Mkono uleule, dakika ileile. Saa zimebadilika tangu hapo lakini kisaa cha mkononi bado hakina njia ya kujua oksijeni unayotumia, kwa hiyo kukisia kupo palepale.

Anza hapa: vidole viwili

Kabla hujagusa setingi yoyote hesabu mapigo mwenyewe. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, pembeni ya koo au kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, usitumie kidole gumba chenyewe mana nacho kina mapigo yake kitakuchanganya. Ukiwa umekaa hesabu sekunde 30 zidisha kwa 2. Ukiwa kwenye mazoezi simama ghafla uhesabu sekunde 15 tu uzidishe kwa 4, usiende zaidi ya hapo sababu mapigo yanashuka haraka ukisimama na utapata namba ya mtu aliyepumzika. Linganisha na kilichoandikwa kwenye saa wakati ule unasimama. Tofauti ya mapigo 5 isikusumbue. Ikiwa ni 20 au 40 au moja ni kama mara mbili ya nyingine, tatizo lako liko kwenye kusoma, nenda sehemu inayofuata. Kama yanafanana ruka moja kwa moja mpaka kule kwenye hesabu.

Umeanza kukimbia, dakika ya kwanza tu saa inasema 170 na inabaki hapohapo

Hii ndio inasumbua watu wengi zaidi na wengi hawajui kama ni ugonjwa wa saa, wanajua ni wa moyo, wanaogopa. Saa ya mkononi inasoma mapigo kwa taa, ile ya kijani unayoiona nyuma. Damu inafyonza mwanga wa kijani, kila moyo ukipiga damu inaongezeka kidogo kwenye mishipa ya mkono na mwanga unaorudi unapungua, saa inahesabu huko kupungua. Sasa ukikimbia, mkono unarushwa mbele na nyuma, saa inacheza juu ya ngozi, na kila hatua nayo inatikisa damu na kuachia mwanga wa nje uingie. Mkimbiaji anapiga hatua kama 160 hadi 180 kwa dakika. Saa inashindwa kutofautisha hatua na moyo inaanza kuhesabu hatua zako, inakuandikia 170 ambayo ni miguu sio moyo.

Utaitambuaje? Moyo wa kweli unapanda taratibu, unachukua dakika kadhaa. Ukiona grafu imeruka kutoka 85 mpaka 170 ghafla alafu imelala kama mstari wa rula, fungua kwenye programu ile grafu ya hatua kwa dakika uziweke pamoja. Zikifanana, jibu umepata.

Rekebisha hivi: vaa saa upana wa vidole viwili kutoka ule mfupa wa kifundo kuelekea kiwiko, sio juu ya mfupa wenyewe, na ikaze kiasi kwamba ukiisukuma ngozi inaenda nayo. Ukimaliza mazoezi ilegeze, sio lazima ubane mkono siku nzima. Pasha mwili dakika 5 hadi 10 kabla hujabonyeza kuanza, damu ikishashuka mikononi saa inasoma vizuri zaidi, na asubuhi ya baridi ya Njombe au Limuru hili ni muhimu zaidi kuliko mtu wa Tanga. Ikikwama katikati ya mbio simama kidogo, ipandishe juu ya mkono, endelea. Ikiwa umefanya vyote hivi na bado inashika hatua, mkono wako na saa hiyo haviivani kwenye kukimbia, tafuta mkanda wa kifuani au kile kifaa cha taa kinachofungwa juu ya kiwiko, huko hakuna kurushwarushwa sana.

Ukinyanyua vyuma au kupiga pushapu mapigo yanashuka badala ya kupanda

Ukikunja kifundo cha mkono au kukaba chuma kwa nguvu, misuli na mishipa ya pale inabanwa, damu chini ya taa inapungua, saa inaanza kubahatisha. Hata mazoezi ya kukimbia kwa kasi sekunde 30 na kupumzika 30 yanaisumbua, sababu saa inachukua wastani wa sekunde kadhaa kabla ya kuandika, kwa hiyo inapanda ukiwa tayari umeshapumzika. Kwa mazoezi ya aina hii sipotezi muda na saa ya mkononi. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe kupitia ngozi, kama ile mashine ya hospitali ya kupima umeme wa moyo. Kliniki ya Cleveland iliwapima watu 50, majibu yakatoka 2016: mkanda wa kifuani ulilingana na mashine ya hospitali kwa kiwango cha 0.99 ambapo 1 ndio kulingana kabisa, saa nne za mkononi zilikuwa kati ya 0.83 na 0.91.

Mkanda wa kifuani unaruka mpaka 220 mwanzoni, au unakatika

Karibu kila mara ni ukavu. Zile sehemu mbili nyeusi za ndani zinahitaji unyevu ndio umeme upite, na mwanzoni hujatoka jasho. Zilowanishe kwa maji kabla ya kuvaa, ukiwa na ile jeli ya altrasaundi ndio bora zaidi. Ukiona dakika 10 za kwanza grafu ni kama meno ya msumeno alafu inatulia jasho likianza, hakuna kingine hapo ni ukavu tu. Ikiwa inaharibika katikati na umevaa tisheti pana ya nailoni siku ya upepo, kitambaa kinasuguana na mkanda kinazalisha umeme wake, vaa ya kubana au ya pamba. Umejipaka mafuta ya nazi au losheni kifuani? Futa, mafuta yanazuia umeme.

Kukatika kabisa mara nyingi ni betri, zile za duara kama sarafu, nyingi ni CR2032 au CR2025, angalia iliyoandikwa kwenye kifaa chako mana unene wake haufanani. Angalia pia simu: mikanda mingi kwa njia ya Bluetooth inashikana na kifaa kimoja au viwili tu, kwa hiyo ukute simu yako mfukoni imeshaunyaka na saa inatafuta haipati. Zima Bluetooth ya simu ujaribu tena. Na tafadhali fua mkanda, suuza kila baada ya mazoezi, uvue kile kidubwasha cha katikati kisiendelee kula betri. Chumvi ya jasho ikiganda mle ndani mkanda unakufa mapema, ukiona umefua, umelowanisha, umebadili betri na bado, nunua kitambaa peke yake, kwa aina nyingi kinauzwa bila kifaa.

Ngozi nyeusi, tatuu, piko

Naulizwa sana hili na linastahili jibu la kweli sio la kutuliza watu. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, inafyonza mwanga wa kijani, hiyo ni fizikia, na ule utafiti wa Stanford uliona makosa makubwa zaidi kwa watu wa ngozi nyeusi na wenye uzito mkubwa. Baadaye 2020 watafiti wa chuo cha Duke walilinganisha rangi za ngozi tofauti hawakuona tofauti ya maana kati yao, waliona kinachoharibu zaidi ni aina ya saa na mwendo wa mkono. Kwa hiyo usikubali muuzaji akuambie saa haifanyi kazi kwa Mwafrika, na usikubali akuambie haijawahi kuwa shida. Fanya kile kipimo cha vidole kwenye ngozi yako wewe, ukiwa umekaa na ukiwa unatembea haraka, utajua.

Tatuu ni wazi kabisa, wino uliojaa unaziba mwanga, hata Apple wenyewe wanakubali kwenye maelezo yao kwamba tatuu inaweza kuharibu usomaji. Piko nzito ya harusi ikikaa palepale kwenye taa, hamishia saa mkono wa pili ulinganishe.

Alafu zile saa za bei ya kutupa za Kariakoo na Luthuli. Watu wanaifunga kwenye embe, embe linapewa mapigo 78, wanasema hii feki. Hicho kipimo hakitoshi, hata saa nzuri zinaweza kukupa namba kwenye kitu kisicho na damu mana taa inarudi tu na programu inalazimisha kutafuta mdundo. Kipimo cha saa feki ni hiki: panda ngazi mpaka uheme, hesabu kwa vidole. Umepata 140 na saa bado iko 82, na ukirudia bado iko 80 na kitu, hiyo haisomi inabuni. Hapo hakuna setingi ya kurekebisha.

Mapigo ni sahihi, kalori bado hazieleweki

Sasa tumefika kwenye ugonjwa wenyewe. Anza na vitu vya aibu ambavyo vinachukua dakika moja. Uzito wako uliandikwa kwa kilo au pauni? Ukiandika 80 na programu imekaa kwenye pauni, inajua wewe ni mtu wa kilo 36. Namba ni kama mara nne ya inavyotakiwa? Angalia kama iko kwenye kilojuli, kipimo kingine cha nishati, kalori moja ya chakula ni kilojuli 4.184. Jinsia na mwaka wa kuzaliwa uliweka au uliruka ili uwahi kuitumia? Saa ya mume wako umeivaa wewe?

Ukimaliza hayo, elewa fomula inavyofanya kazi. Kampuni nyingi zinaficha za kwao, lakini kuna moja iliyo wazi ambayo inatumika sana, ilitolewa 2005 na watafiti wa Afrika Kusini, Keytel na wenzake. Kwa mwanaume: chukua mapigo zidisha kwa 0.6309, ongeza uzito wa kilo mara 0.1988, ongeza umri mara 0.2017, toa 55.0969, unapata kilojuli kwa dakika, gawa kwa 4.184 upate kalori. Mwanaume wa miaka 35 kilo 75 akikimbia na mapigo 150 anapata kama kalori 14.7 kwa dakika, hiyo inaingia akilini. Sasa mweke huyohuyo kwenye kiti, foleni ya Ubungo, amekunywa kahawa na ana hasira, mapigo 95. Fomula inampa kalori 6.4 kwa dakika, karibu 384 kwa saa nzima, amekaa! Mtu wa kilo 75 aliyekaa anachoma kama 75 hadi 100 kwa saa.

Kwa nini? Sababu fomula ilipatikana kwa watu 115 wa miaka 18 hadi 45 waliozoea mazoezi, na walipimwa wakiwa wanafanya mazoezi ya mwendo mmoja. Haijui kukaa, haijui hasira. Ndio mana nasema usiwahi kuacha programu ya mazoezi inahesabu wakati umemaliza, umekaa unapiga stori na soda mkononi. Mapigo bado yako juu, miguu haifanyi kitu, kalori zinamwagika kwenye kioo.

Shika namba hii moja itakusaidia kila mahali: kwa fomula hiyo, kila mapigo 10 ya ziada kwa dakika yanaongeza kama kalori 90 kwa saa kwa mwanaume na kama 64 kwa mwanamke. Kwa hiyo chochote kinachopandisha moyo bila kuongeza kazi kinakuzawadia kalori za bure, na chochote kinachoushusha kinakunyima.

Joto ni la kwanza. Kimbia Dar mwezi wa pili saa nne asubuhi, mwili unapeleka damu kwenye ngozi kupoa, jasho linapunguza maji ya damu, moyo unapiga zaidi kwa kazi ileile. Umeanza na 145, baada ya dakika 40 uko 160 na mwendo haujabadilika, hizo 15 zinakuandikia kama kalori 135 za ziada kwa saa ambazo misuli haijazitumia. Mwenye kufunga anayefanya mazoezi jioni kabla ya futari ni hivyohivyo, mwili hauna maji. Ukipanda kutoka pwani kwenda Arusha, au Iten kule mita 2,400, siku za mwanzo mapigo yako juu kwa hewa kuwa nyepesi. Homa, upungufu wa damu, kukosa usingizi, ujauzito, vyote vinapandisha moyo, na saa haina habari.

Upande wa pili ni dawa. Mtu wa presha anayetumia atenololi, bisoprololi, propranololi na ndugu zao, moyo wake umefungwa breki, atatembea mlima mzima na mapigo 100 na saa itamwandikia kama alikuwa sokoni. Mzee wangu, mama yangu, kazi umefanya, saa ndio haijui. Usiache dawa wala kupunguza ili namba ipande, na usikimbizane na zile rangi za kanda za mapigo (saa inavyogawa mapigo ya chini, ya kati na ya juu), pima kwa pumzi: unaweza kuongea ila huwezi kuimba, hapo uko kwenye mazoezi ya kutosha.

Jimu: saa inasema 700 kwa saa moja ya vyuma

Yule mwanaume wa kilo 75 akipiga vyuma na wastani wa mapigo 130 fomula inampa kama 700. Kwa vipimo vya oksijeni saa nzima ya vyuma kwa uzito wake ni kama 260 ukipumzika kawaida hadi 450 ukijituma kwelikweli. Tofauti inatoka wapi? Ukinyanyua kitu kizito misuli inakaza inabana mishipa yake yenyewe, presha inapanda, moyo unapiga kwa nguvu kusukuma damu, lakini oksijeni inayotumika haipandi sambamba na mapigo. Mikono nayo inapandisha mapigo kuliko miguu kwa kazi sawa. Hakuna mkanda utakaorekebisha hili, hata usome kila pigo. Badili aina ya zoezi kwenye saa uweke ya vyuma, baadhi ya saa zinapunguza hesabu, na hata hivyo ichukulie kama nusu.

Njia ileile, mwendo uleule, kalori kila mwezi zinapungua

Hongera! Hii ndio skrinishoti napenda kuipokea. Moyo wako umekuwa na nguvu, kila pigo linatoa damu nyingi zaidi, kwa hiyo unapiga mara chache kufanya kazi ileile. Fomula inaona mapigo machache inadhani umelegea. Nishati ya kukimbia umbali uleule kwa uzito uleule haijabadilika kwa kiasi hicho. Wapo wanaoacha kukimbia kwa kukatishwa tamaa na namba hii na inaniuma kweli, mana wanaacha siku ambayo mwili umewajibu.

Cha kufanya, rekebisha mapigo ya juu kabisa kwenye setingi kama saa inaruhusu. Nyingi zinatumia 220 toa umri, ambayo ni wastani tu, mtu wa miaka 40 inampa 180 lakini ukweli wake unaweza kuwa 168 au 192. Kwa mtu mzima zaidi, zidisha umri kwa 0.7 alafu toa jibu kwenye 208, hiyo inakaribia zaidi. Na kwa kukimbia kwenye tambarare tumia kipimo ambacho hakihitaji moyo kabisa: kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Kilo 70 kwa kilomita 10 ni kama 700, uwe umetumia dakika 50 au 75. Kutembea ni kama robo tatu ya hapo. Yule wa 310 tuliyeanza naye alidhulumiwa, na yule wa 480 kwa nusu saa ya kutembea alizawadiwa.

Jumla ya siku haifanani na mazoezi niliyofanya

Angalia unasoma ipi. Kuna kalori za jumla ambazo ndani yake kuna zile za kuishi tu, kupumua, ubongo, ini, na kuna kalori za mazoezi peke yake. Mwanamke wa miaka 38, kilo 70, sentimita 160 anachoma kama 1,350 kwa siku hata akilala kitandani, hiyo ni kama 56 kila saa. Saa inayoandika jumla imeshaziweka humo, ukizichukua ukazijumlisha tena kwenye programu ya chakula umehesabu mara mbili. Balaa jingine ni programu mbili kwenye simu moja, ya saa na ya mbio, zote zinapeleka mazoezi yaleyale sehemu moja, unaona mbio mbili za saa kumi na mbili asubuhi. Zima moja ruhusa ya kuandika. Mashine ya kukimbilia ya jimu nayo, kama hujaiingizia uzito wako inakuhesabia mtu mwingine, na ukishikilia vile vyuma vya pembeni kazi inapungua lakini yenyewe inahesabu kama unajibeba.

Kila kitu kiko sawa na uzito haushuki

Mapigo sahihi, setingi sahihi, saa inasema 2,800 kwa siku, unakula 2,300 kwa hesabu, mwezi umeisha mzani umegoma. Hapa nataka uwajue Wahadzabe wa kwetu Tanzania, wawindaji wa pembeni ya ziwa Eyasi. 2012 mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vyao, walitumia maji maalumu ambayo mtu anakunywa alafu mkojo wake unapimwa kwa siku kadhaa, ndio njia ya uhakika kuliko zote ya kujua nishati mtu anayotumia kwenye maisha ya kawaida. Wahadzabe wanatembea sana, wanachimba mizizi, wanapanda mibuyu kutafuta asali. Utafiti mwingine uliochapishwa baadaye uliwavalisha vipimo vya mapigo ya moyo ukaonyesha wanapata zaidi ya saa mbili kwa siku za mwendo wa kutosha kupandisha moyo. Lakini nishati yao ya siku nzima, ukishazingatia ukubwa wa mwili, ilikuwa sawa tu na ya Wamarekani wa ofisini.

Maana yake mapigo yalikuwa ya kweli, kazi ilikuwa ya kweli, ila mwili ukizoea kazi unabana matumizi sehemu nyingine, na ukichoka asubuhi unakaa zaidi mchana bila kujua. Saa inajumlisha mazoezi juu ya siku yako ya kawaida kama vile siku iliyobaki haikubadilika. Wanasayansi bado wanabishana ukubwa wa jambo hili lakini kwa mtu anayekula kila kalori ambayo saa imempa, hata robo yake inatosha kumkwamisha.

Kwa hiyo ipime saa yako kwa mwili wako. Wiki tatu au nne, jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani kabla ya kula, chukua wastani wa wiki usiangalie siku moja moja. Andika chakula kwa uaminifu, mafuta ya kupikia na sukari ya chai vikiwemo. Uzito ukibaki palepale, basi ulichokula kwa wastani ndio unachochoma, hata saa iandike nini. Ukishuka nusu kilo kwa wiki ongeza kama 550 kwa siku juu ya ulichokula, mana kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ukipata 2,300 na saa inasema 2,800 basi saa yako kwako wewe inazidisha kwa 500, karibu asilimia 18 ya inachoandika, kata hiyo kila siku uendelee kuitumia. Dada zangu, fanyeni wiki nne nzima ili mzunguko wa mwezi usiwachanganye na maji ya mwilini. Ukibadili saa, ukianza dawa mpya, au ukipungua kilo kama 5, rudia kipimo.

Wakati ambao sio saa

Ukiwa umekaa umetulia, vidole vyako vinasema zaidi ya 100 na saa inasema vivyo hivyo, na kesho tena na keshokutwa, hiyo sio hitilafu. Mdundo unaorukaruka bila mpangilio ukiushika kwa vidole, kizunguzungu, kifua kubana, kuzimia au kukosa pumzi kwa kazi ndogo, nenda hospitali upimwe umeme wa moyo na damu. Nenda na grafu kwenye simu umwonyeshe daktari saa ngapi ilitokea na ulikuwa unafanya nini, hapo ndipo hiki kifaa kinakuwa na msaada mkubwa kuliko kalori zote. Kama maumivu ya kifua yameanza sasa hivi usikae kulinganisha namba, tafuta usafiri uende.